Kadi ya Kubeba

Juzi niliingia duka la vifaa vya ujenzi hapa Mbarara kumnunulia mama turubai la kuanikia maharage. Muuzaji alilikunjua mbele yangu ili nione kwamba halina tundu, na ile harufu ya plastiki mpya iliyopigwa na jua ikanifikia kabla sijauliza bei. Sikulia, wala sikuona kizunguzungu. Watu huandika hivyo na mimi huwa siwaamini. Nilisimama tu, nimeshika pembe yangu ya turubai na muuzaji ameshika ya kwake, mpaka akaniuliza kama ninachukua au ninaacha. Wenzangu mliokulia chini ya plastiki mtajua ninachosema. Kwetu harufu ile ndiyo nyumba, ndiyo kanisa, ndiyo shule.

Kanisa letu kule Nakivale, kambi ya wakimbizi, lilikuwa na kuta za udongo zilizofika kiunoni mwa mtu mzima, na juu yake turubai. Jumapili lilikuwa letu, Waprotestanti wa Kivu ya Kusini, Kongo, na tuliimba mpaka plastiki inatikisika. Siku za katikati ya wiki, mchana, lilikuwa la Mwalimu Odette. Odette alikuwa Mrundi na Mkatoliki, na wazee wa kanisa walikaa vikao kadhaa kuhusu rozari yake kabla hawajampa ufunguo wa mlango ambao, kusema kweli, mtoto yeyote angeweza kuupita kwa juu. Alikuwa ameanza kusoma mambo ya kompyuta Bujumbura, nchi ikachafuka, masomo yakakatika. Shirika moja likamwajiri afundishe watoto wadogo kuandika programu. Kompyuta hazikuja. Ilikuja ahadi ya kompyuta, na Odette hakuwa mtu wa kukaa anaitazama ahadi, kwa hiyo alikusanya maboksi ya mafuta ya kupikia, mkasi, na kalamu ya wino mnene.

Alikata kadi. Nyingine alizichora mshale wa kwenda mbele, nyingine mshale wa kugeuka, nyingine mkono unaonyanyua kitu, na hiyo tuliiita Beba. Kisha alichora miraba chini kwenye udongo kwa kijiti: mraba huu ni nyumba, ule una jerikeni, ule wa mwisho ni bomba la maji. Mmoja wetu alikuwa roboti. Odette alituambia kwamba roboti ni mfanyakazi anayetii kila anachoambiwa na hajui kingine chochote, na sisi wasichana tukaona kazi hiyo tunaijua. Programu ilikuwa mstari wa kadi ulioupanga mwenyewe. Roboti alitakiwa azifuate moja baada ya nyingine, atoke nyumbani, achukue jerikeni, afike nayo bombani.

Roboti aliyependwa kuliko wote alikuwa Divine, binti wa fundi seremala wa Kirundi, mrefu na mpole, mtoto ambaye ukimkanyaga yeye ndiye anayesema samahani. Zamu yangu ilipofika nilipanga kadi haraka haraka kwa sababu nilitaka nionekane mwepesi, na nikasahau Beba. Divine alifika kwenye jerikeni, akaitazama kadi iliyofuata, akanitazama mimi, kisha akainama taratibu, akaibeba na kuendelea na safari. Alifika nayo bombani. Wote tukapiga makofi. Odette akauliza kama programu iko sawa, darasa zima likajibu kwamba iko sawa, na sauti yangu ilikuwa juu kuliko zote.

Odette alimgeukia Divine na kumuuliza ni kadi ipi iliyomwambia abebe. Divine akaangalia vidole vya miguu yake.

"Niliona amesahau, mwalimu," akasema. "Sikutaka apate haya."

Siku hizi nami nafundisha watoto mambo hayo hayo hapa mjini, kwenye kompyuta za kweli, na watoto wa hapa hawafanyi kosa hili hata kidogo. Wao humwacha mwenzao agonge ukuta huku wakicheka mpaka wanashika mbavu. Lile lilikuwa kosa la watoto wa kwetu. Tulilelewa na watu waliopoteza vingi, na jambo la kwanza tulilofundishwa, kabla ya sala na kabla ya kuhesabu, ni kutomwonyesha mtu nguo yake imechanika wapi.

Odette hakumkemea. Alivua kitenge cha mabegani mwake, akamfunga Divine macho, kisha akawa anamsomea zile kadi kwa sauti. Safari hii Divine aliipita jerikeni, akageuka alipoambiwa ageuke, akafika bombani na kukinga mikono mitupu. Darasa likaangua kicheko. Mimi nikatamani ardhi ipasuke. Odette akauliza kosa liko wapi, na vidole vyote vikanielekea mimi. Msiwalaumu. Asubuhi tulikuwa shule ya kawaida, na kule kosa lilikuwa mtu, kwa sababu fimbo inahitaji mahali pa kutua na kadi ya boksi haina mgongo. Odette alipita akivishusha vile vidole kimoja kimoja kwa mkono wake.

"Hapa hatuulizi ni nani," akasema. "Tunauliza ni wapi."

Akatuonyesha namna ya kuuliza wapi. Unachukua kokoto. Unaanzia mwanzo, na kila kadi iliyofanya ulichotaka unaiwekea kokoto juu yake. Usiruke hata ile unayoiona ya kijinga. Ukifika mahali ambapo kokoto haiwezi kukaa, simama, umefika. Akaongeza sharti moja ambalo lilituudhi sana: aliyeliona kosa haruhusiwi kulitengeneza. Anaonyesha mahali, kisha anakaa chini, na mwenye programu ndiye anayetengeneza, hata kama itachukua mchana mzima. Nilipoweka Beba mahali pake, Divine, bado kafungwa macho, alisimama kwenye jerikeni, akainama, akabeba, akafika nayo.

Wengine walifurahi wakasahau. Mimi jambo lile lilinikaa kichwani kwa namna ambayo Odette hakuikusudia. Kitu ambacho hakikuwa kimefika kilikuwa sasa kimefika, na kilichokileta ni kipande cha boksi kilichorudishwa katikati. Hakuna aliyelazimika kwenda kukitafuta. Nilirudi nyumbani nikiwa na fikra hiyo, na sikumwambia mtu.

Lazima sasa niseme habari za Esta. Esta alikuwa dada yangu mkubwa. Tulipokimbia milima yetu nilikuwa mdogo sana, na ninachokikumbuka ni mvua, mteremko unaoelekea Uvira, na nyayo za Esta zikining'inia ubavuni mwa baba, kwa sababu alikuwa na homa na baba alikuwa amembeba mgongoni kwa kitenge. Mama alikuwa mbele na kundi la watu, kanifunga mimi mgongoni na mdogo wangu Daudi, bado mchanga, kifuani. Baba alibaki nyuma. Kumbukumbu yangu inayofuata ni Uvira, kwenye veranda ya mtu, baba anaingia na kile kitenge kimekunjwa vizuri, kiko begani. Mama alikitazama kitenge. Hakuuliza kitu. Baba akasema tuendelee, na tukaendelea mpaka Bujumbura, na kutoka huko, basi baada ya basi, mpaka Nakivale.

Nilijua kufa ni nini. Hakuna mtoto wa kambi asiyejua. Lakini kwetu mtu akifa watu wanakuja, wanaleta kuni na unga, wanalala nje kwenye mkeka, wanaimba, na matanga hayaanuliwi mpaka wakubwa waseme. Kwa Esta hakukuja mtu. Hakuna aliyeimba. Kwa hiyo Esta hakuwa amekufa. Alikuwa tu hajafika, na sababu ya kutofika ndiyo ambayo sikuwa nimeipata, mpaka mchana ule wa jerikeni.

Wakati huo huo nyumbani kulikuwa na jambo kubwa. Familia yetu ilikuwa imeitwa kwenye mahojiano ya kupelekwa nchi ya tatu, kuishi ng'ambo, na mahojiano ya kwanza yalikuwa yameharibika. Walimuuliza baba peke yake na mama peke yake, na masimulizi hayakulingana. Mama, alipoulizwa kuhusu watoto, alimtaja Esta. Baba hakumtaja. Alipobanwa aseme watoto ni wangapi alijibu, "Kwetu hatuhesabu batoto. Ni hawa Mungu alitupatia," na hilo lilikuwa kweli, wafugaji wa kwetu hawahesabu watoto wala ng'ombe kwa sauti, ni kuita balaa, lakini kweli ile ilimfaa sana siku hiyo, akajificha ndani yake. Sasa tulikuwa tumeitwa mara ya pili, safari hii Mbarara, wote pamoja. Tuliambiwa wazi kwamba masimulizi yasipolingana safari hii, faili linafungwa na halifunguliwi tena. Baba aliacha kula vizuri. Mama alianza kufua nguo zilizokuwa safi.

Kila Jumapili baada ya ibada baba alikuwa akijizoeza kusimulia. Alikaa kwenye kigoda, mama akipukuchua maharage pembeni, Daudi akicheza na maganda, naye anaanzia mwanzo: siku ng'ombe walipochukuliwa, nyumba ya jirani ilipochomwa, njia tuliyoshika, mvua, mteremko, Uvira. Alisimulia vizuri, kwa sauti ya mtu anayesoma Biblia kanisani. Akifika mteremko sauti ilienda mbio kidogo, na mama naye mikono ikaenda mbio, kisha wote wawili wakatokea Uvira wakipumua. Nilikuwa nimeshawasikia hivyo mara nyingi sana kabla sijaelewa ninachokisikia. Mama alikuwa roboti mwenye huruma. Alifika mahali pasipo na kadi akainama, akabeba, akapita.

Jumapili moja nilichota maharage kwenye ungo, na baba alipoanza nikawa naweka maharage chini mbele yake, moja kwa kila jambo alilosema. Alidhani nacheza. Ng'ombe, harage. Jirani, harage. Mvua, harage. Alipofika Uvira mkono wangu ulibaki juu.

"Baba," nikasema, "hapa Esta iko ku mugongo yako. Hapa Uvira haiko. Kuna kadi moya umeruka."

Nilisema kama Odette alivyotufundisha, kwa upole, bila kumnyooshea mtu kidole. Kidole changu kilikuwa chini, kwenye nafasi kati ya maharage mawili. Nilikuwa nangoja asifu macho yangu. Baba alisimama akatoka kwenda kumtazama mbuzi, ambaye hakuwa na shida yoyote. Mama aliendelea kupukuchua, ila sasa maharage alikuwa anayatupa na maganda na maganda anayatia kwenye ungo.

"Wacha, mama," akaniambia, kwa maana kwetu binti huitwa mama. "Maharage bado mingi."

Siku iliyofuata ya darasa baba alikuja kanisani. Sijui kama mnajua jinsi mtoto anavyoitambua kofia ya baba yake kwa mbali. Niliiona ikipita nyuma ya ukuta mfupi, ikasimama mlangoni. Siku hiyo Odette alikuwa amepata kigari kidogo cha plastiki kilicholetwa kutoka Mbarara, chenye vitufe vya mishale mgongoni; unavibonyeza kwa mpangilio, kisha unakiachia kiende. Kigari kile kilitufundisha mengi kwa sababu hakikuwa na huruma. Ukikosea kinagonga jiwe, kinarudi nyuma, kinaligonga tena, mpaka Divine akasema kigari hiki hakikulelewa. Baba alimsalimia Odette, akavua kofia.

"Mwalimu, nimekuja kutwala mutoto yangu," akasema. "Ameanza kuniuliza mambo ya bakubwa."

Odette aliniangalia, akamwangalia baba, na nadhani alielewa zaidi ya alichoambiwa. Hakubishana. Alimwambia kwamba mtoto ni wake na atamchukua, ila zamu ya mtoto mdogo aliye mbele ilikuwa imeanza na si vizuri kuikata, kwa hiyo kama mzee ana nafasi asubiri kidogo. Akamsogezea benchi. Baba hakukaa. Alisimama na kofia mkononi.

Aliyekuwa mbele alikuwa mtoto mdogo kuliko sote, na kigari chake kilikuwa kimepinda njia na kwenda kukwama kwenye mguu wa mimbari. Alikuwa ameshaweka mikono kichwani, akisubiri kofi. Hakuna aliyesema jina lake. Watoto walipiga magoti wakatandaza kadi za vile vitufe alivyobonyeza, wakaanza kuweka kokoto, mmoja baada ya mwingine, bila kelele, mpaka kokoto moja ikakosa pa kukaa. Aliyeishika akaiweka mkononi mwa yule mdogo na kurudi nyuma. Wote tukasubiri. Yule mtoto alizitazama kadi zake muda mrefu sana, na mara mbili alitaka kulia, na hakuna aliyemsaidia wala aliyemharakisha. Kisha akageuza kadi moja. Kigari kikapita pembeni ya mimbari kikaenda zake. Odette akasema asante, basi, hata hakumpigia makofi.

Nilimtazama baba. Alikuwa anatazama ile nafasi pale chini alipokuwa mtoto. Akamuuliza Odette kitu kwa sauti ya chini. Nilisikia tu kwamba alitaka kujua kama huwa wanawachapa wakishatengeneza. Odette akasema hapana, kwa nini wachapwe, kazi imekwisha. Baba akavaa kofia yake. Aliondoka bila kunichukua.

Siku ya Mbarara lori la ofisi lenye mabenchi lilituchukua alfajiri pamoja na familia nyingine. Mama alikuwa ametupaka mafuta mpaka tunang'aa. Ofisini tuliingizwa chumba kimoja wote wanne. Mwanamke aliyetuhoji alikuwa Mganda, amechoka, mwenye sauti ya kawaida tu. Alikuwa na mkalimani kijana wa Kikongo, lakini mara kwa mara aliruka Kiingereza akauliza mwenyewe kwa Kiswahili chake cha kazini. Nilikaa sakafuni na Daudi, mgongo ukutani. Nilikuwa nawaona wazazi wangu kwa upande.

Baba alianza mwanzo. Ng'ombe, jirani, njia, mvua. Nilikuwa nahesabu vidoleni kwa sababu sikuwa na maharage. Akafika mteremko, na sauti yake haikwenda mbio. Ilisimama. Mama alikuwa na mikono mapajani na haikuwa na cha kufanya.

"Mzee, watoto wako ni ngapi?" yule mwanamke akauliza.

Baba hakumjibu yeye. Alimgeukia mama, na akazungumza kama vile chumbani hamna mtu mwingine.

"Kuna fasi moya ninarukaka," akasema. "Esta alikufia ku mugongo yangu. Sijue ni wakati gani. Nilikuwa namusemesha, na nikaendelea kumusemesha."

Mkalimani alianza kutafsiri. Nilimwona yule mwanamke akimfanyia ishara kwa mkono kwamba aache. Nilitegemea mama apige ukelele, kwa maana nilishawaona wanawake wengine, lakini mama alivuta kiti chake akakigeuza kabisa kumwelekea baba. Alikuwa na jambo moja tu, na nadhani alikuwa amelibeba tangu ile veranda ya Uvira.

"Ni fasi gani?"

Baba akamweleza mahali penyewe. Kutoka kwenye ukuta wa shule iliyoungua, unashuka na njia ya ng'ombe. Unafika kijito cha kwanza, usikivuke. Unakishika upande wa mkono wa kulia mpaka mianzi inapoanza. Kuna jiwe pana watu wanapolaza mizigo. Nyuma ya jiwe, upande wa mlimani ambako maji hayapiti. Alichimba kwa panga na kwa mikono, akaweka mawe juu, akafua kitenge kijitoni kwa sababu kilikuwa na tope na hakujua afanye nini kingine. Mama alisikiliza hadi mwisho, kisha akarudia yote kwa sauti yake, pole pole, kutoka kwenye ukuta wa shule. Alikosea mahali pamoja. Alisema anavuka kijito. Baba akamwambia hapana, haukivuke, unakishika. Mama akaanza tena mwanzo. Safari ya pili hakukosea.

Ofisi baadaye ilisema masimulizi yetu yamelingana. Safari yenyewe haikuja, miaka imepita, sera za nchi za watu zimebadilika na kubadilika tena, na wazazi wangu bado wanalima Nakivale, ndiyo maana nanunua maturubai. Odette alishaondoka, sijui aliko. Nimeshawaeleza watu habari hii kwa kifupi na huwa wanadhani kwamba siku ile nilielewa nilichokuwa nimekisababisha. Sikuelewa kabisa. Nilisikia neno amekufa, ndiyo, lakini nililisikia kama sehemu ya masimulizi, jambo lililotokea pale katikati kwa sababu kadi ilikuwa imekosekana. Sasa kadi ilikuwa imewekwa. Baba mwenyewe ndiye aliyeiweka, kama sharti linavyotaka, na mama amerudia programu yote kuanzia mwanzo bila kosa. Nilichokuwa nasubiri ni kimoja tu kilichobaki.

Tulitoka tukakaa kwenye ukuta wa ofisi kungoja lori. Niliangalia geti. Kila lilipofunguliwa nilisimama. Mama aliuliza kama nataka kwenda haja, nikasema hapana. Lori lilipokuja niliwahi benchi la nyuma, nikakaa, nikasogea mpaka bega langu likabana kwenye ubao, na kati yangu na mama nikaacha nafasi ya mtu. Nilikuwa nimeshapiga hesabu ya ukubwa wake. Angekuwa msichana mkubwa sasa. Baba alikaa mbele yetu na Daudi mapajani. Tulipopita Masha kulikuwa na ng'ombe wazuri wa pembe ndefu pande zote za barabara, na baba, ambaye hajawahi kupita ng'ombe bila kuwasema, hakugeuza kichwa.

Mama aliitazama ile nafasi. Akachukua mfuko wake ili auweke pale, nikauzuia kwa mkono.

"Ni fasi ya Esta," nikamwambia. "Baba amesharudisha kadi."

Sikuuelewa uso wake wakati ule, na siwezi kusema kwamba sasa nauelewa sana. Angeweza kuniambia. Ilikuwa rahisi, lilikuwa neno moja, na alikuwa ametoka kulisikia. Badala yake aliurudisha mfuko mapajani akaukumbatia, akaketi wima, na kati yetu ile nafasi ikabaki ikitikisika na benchi.

Tulipofika Kaberebere, dereva alisimama kumpakia mwanamke mmoja wa pale aliyefahamiana naye, mwenye gunia la kabichi na mtoto mgongoni. Mabenchi yalikuwa yamejaa. Alipita katikati ya magoti ya watu akiomba radhi, akafika kwetu, akaona ile nafasi, akafurahi.

"Mama, songa kidogo, na mimi nikae," akasema.

"Pole, mama," mama akamjibu. "Hapa kuna mwenyewe."

Yule mwanamke akaitazama nafasi, akamtazama mama usoni, kisha akateremsha gunia lake la kabichi sakafuni akalikalia mpaka Nakivale.